Kishungi Ndani ya Kitambaa cha Miwani

Wiki iliyopita niliwaacha nimekalia sanduku langu nje ya mlango wa wifi yangu, mvua inanichapa, na mwanamume nisiyemjua amesimama mbele yangu akinifunika kwa mwavuli wake. Wengi mmetaka kujua alikuwa nani. Leo nawaambia, na unayesoma ukiwa peke yako nyumbani, kafunge mlango kwanza.

Aliyechelewa kuingia kwenye kisa hiki nimfupishie. Mimi ni msusi. Mchumba wangu wa kwanza alinikimbia harusi ikiwa mlangoni. Saluni nilikokuwa na kiti changu ikauzwa, ikageuzwa duka la vipuri. Kaka yangu aliyenipa chumba akahamishwa kikazi, na mkewe hakungoja hata vumbi la gari litulie, akalitoa sanduku langu nje. Ng'ombe wa maskini hazai. Wa kwangu hata kulia alikuwa amesahau.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijanitoka: nywele zangu. Zilikuwa zimefika mabegani, nami nilikuwa nimezipiga blichi kwa mistari ya dhahabu, kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Kichwa cha msusi ndicho kibao chake cha biashara. Wateja waliniita Dhahabu, na jina likakaa.

Sasa, yule mwenye mwavuli alikuwa fundi miwani. Duka lake lilitazamana na saluni anakofanya kazi rafiki yangu Kidomo, msusi mwenye mikono ya malaika na mdomo usiojua kufunga. Alinipeleka kwa Kidomo jioni ileile, akabeba sanduku mwenyewe. Kidomo akanilaza chini katikati ya wanawe, na kesho yake akaniombea kona pale saluni.

Fundi Miwani akawa hapiti bila kuchungulia. Alikuwa mtu wa vidole safi na sauti ya chini. Hakuwahi kunishika vibaya wala kunitupia neno la hovyo. Mimi niliyezoea waongo wenye kelele, nikaona nimepata mtu.

Siku moja nilikwenda dukani kwake kumpelekea chai.

"Simama hapo," akaniambia. "Geuka. Tembea mpaka mlangoni. Haya, rudi."

"Unanipima miwani au unataka kuninunua?" nikamtania.

"Nakuangalia tu."

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Nilidhani napendwa, kumbe napimwa.

Haukupita muda mrefu akanitamkia ndoa. Alisema aliwahi kuoa, mke akamtoroka, na nyumba imekuwa kubwa kwa mtu mmoja. Alisema hataki mambo mengi kutoka kwangu. Alitaka kitu kimoja.

"Rudisha nywele zako rangi ya asili."

"Hizi zimekukosea nini?"

"Hazijanikosea. Nataka nikupeleke nyumbani ukiwa kama ulivyozaliwa. Majirani wakuone hivyo."

Nisiwadanganye, niliona ni jambo dogo. Nilikuwa nimechoka kuamka na kisigino cha mtoto wa Kidomo mdomoni. Mtu ananipa nyumba yenye mlango wa kufunga kwa ndani, mimi nimnyime rangi ya nywele? Angesema ninyoe upara ningeuliza tu wembe uko wapi.

Ndipo akatoa mfukoni kile kitambaa laini wanachofutia vioo, kimekunjwa vizuri. Ndani yake kulikuwa na kishungi cha nywele.

"Iwe rangi hii hasa," alisema. "Mpe rafiki yako aifananishe."

"Hizi za nani?"

"Zako. Niliziokota begani kwako."

Niliziangalia, naye aliniangalia nikiziangalia. Nywele zangu nilizozaliwa nazo ni nyeusi tii. Zile zilikuwa za kahawia yenye wekundu kwa mbali, rangi ya chai isiyo na maziwa. Lakini mwanamume asiye msusi huona nyeusi na kahawia ni kitu kimoja, nikajisemea. Nikazikunja, nikavuka barabara.

Kidomo alikuwa anasubiri, ameshafunga nguo ya kazi.

"Njoo tukuzike, Dhahabu," alisema. "Kaa. Leo unakuwa mke wa mtu, kesho utajifanya hunijui."

"Acha wivu, shoga. Chukua hii, anataka ifanane na hizi."

Akafungua kitambaa. Akazigusa kwa ncha ya kitana. Kisha akanishika kichwa, akakiinamisha, akapekua nywele zilizoota upya kisogoni kwangu, zile ambazo blichi haijazifikia.

"Za kwako hizi hapa, nyeusi kama masizi," alisema. "Hizi nyingine za nani?"

"Anasema zangu. Aliziokota."

"Aliziokota wapi?"

"Begani."

Kidomo aliweka kitana chini. Akakipeleka kile kishungi mlangoni penye mwanga. Alirudi nacho akakiweka mbele yangu chini ya kioo.

"Wewe ni msusi kama mimi. Angalia mwenyewe."

Niliangalia. Nywele zinazodondoka, za kitana au za begani, hulala huku na huku, moja imeelekea juu na nyingine chini. Nywele zilizokatwa na mkasi huwa hazina kitu mwishoni. Zile zilikuwa zimelala upande mmoja zote, na mwisho wa kila moja palikuwa na kinundu cheupe kidogo. Mizizi yote pamoja, upande mmoja.

Hazikuokotwa. Zilinyakuliwa kutoka kichwani kwa mtu, kwa mkupuo mmoja.

"Labda za mama yake," nikasema. "Marehemu. Watu huweka kumbukumbu."

"Mama yake ndiye aliyeng'olewa nywele?"

"Kidomo, nifanye kazi mimi au unafanya wewe?"

"Shoga, mimi naogopa."

Mimi pia niliogopa, na nasema wazi. Lakini hofu ya kurudi kulala sakafuni nilikuwa naijua vizuri zaidi, na binadamu huchagua anachokijua. Nikamwambia achanganye rangi.

Hapa naomba mnivumilie kidogo niseme la kazi, maana mbele litatufaa. Nywele zilizopigwa blichi zimechujwa, ndani hazina kitu. Ukizirudisha kwenye kahawia moja kwa moja, kahawia haina pa kushika. Itapendeza siku ya kwanza, ikipata maji inakimbia na kuacha ukijani. Ndiyo sababu kwanza tunapaka rangi nyekundu, tunaiita msingi, tunaiacha ishike, tunaosha, ndipo juu yake tunaweka kahawia. Ni kazi ya kutulia.

Kidomo alikuwa ndiyo kwanza anakoroga ule wekundu kwenye bakuli, honi ikalia nje. Ikalia tena. Kisha Fundi Miwani akaingia mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Bado?"

"Bado msingi, shemeji," alisema Kidomo.

"Msingi wa nini, mnajenga?"

"Huo mdomo wako mtamu," Kidomo alijaribu kucheka. "Bila msingi rangi haikai."

Aliinua mkono akatazama saa, kisha akatazama jua nje. "Nataka afike kukiwa bado kweupe. Paka hiyo ya mwisho."

"Haraka haraka haina baraka, shemeji. Nikipaka hivi hivi, akiosha mara moja tu kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, yote inakwenda. Atabaki wa kijani."

"Asipoilowesha itakaa mpaka kesho?"

"Mpaka kesho itakaa."

"Basi inatosha," alisema.

Macho yangu na ya Kidomo yalikutana kwenye kioo. Bibi harusi gani huyo anayepakwa rangi ya mpaka kesho? Kidomo akaweka kando bakuli la wekundu, akachukua la kahawia, akapaka bila neno la utani, ameinamia kichwa changu tu. Huyu ni mwanamke ninayemjua, anayepaka rangi huku anakula na kugombana na simu.

Tulipomaliza na draya kupita, nilijitazama. Mistari ya dhahabu haikuwepo. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke mwingine, mtulivu kidogo, mkubwa kidogo, kama mtu wa kuheshimiwa. Fundi Miwani alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama kwa muda.

"Ndiyo," alisema. "Hivyohivyo." Kisha akamgeukia Kidomo. "Kile kishungi kiko wapi?"

"Kimekwenda na ufagio, shemeji."

Alikwenda kwenye pipa la taka, akakunja mkono wa shati, akaingiza vidole vyake safi ndani ya nywele za wateja wa siku nzima. Akapekua. Wateja wawili waliokuwa wakisukwa waligeuka kumtazama. Kitu cha kuchekesha kama kile hakuna aliyekicheka.

Alisimama, akanawa, akasema, "Twende, jua linatuacha."

Niliposhika mlango nilitazama nyuma. Kidomo alijigusa kifuani, pale anapofichaga vitu vyake. Kishungi kilikuwa hapo.

Ndani ya gari hakuniambia nimependeza. Alinyoosha mkono kiti cha nyuma, akanipa koti la sufi la bluu.

"Vaa, kuna baridi."

Hakukuwa na baridi. Nililivaa kwa sababu mwanamke aliyeposwa huvaa anachopewa. Lilinienea kama nimeshonewa. Nilipotia mkono mfukoni niligusa kitu kigumu, chembamba, kinachoacha unga kwenye vidole. Kilikuwa kipande cha chaki.

"Jirani yangu ni mama mtu mzima," alisema macho yakiwa barabarani. "Ni mwema, ila ana umbea. Msalimie tu, maneno usiongeze."

"Kwani nitakuwa bubu siku ya kwanza?"

"Msalimie tu."

Nyumba yake ilikuwa nzuri, sitaki kumnyima haki yake. Ina uzio, ukumbi wa mbele wenye viti, bati jipya. Kati yake na ya jirani palikuwa na ukuta mfupi unaofika kifuani. Nyuma ya ukuta mama mmoja alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, anazipapasa kwanza kama zimekauka.

"Nani hao?" aliuliza, uso juu, macho ameyakunja.

"Ni sisi, mama." Fundi Miwani alinishika mabega akanigeuza taratibu, mpaka jua likanipiga kichwani.

Yule mama aliangusha nguo.

"Mwalimu!" alisema. "Ni Mwalimu? Nywele zako hizo! Jamani, Mwalimu umerudi?"

Chaki ilikuwa bado mkononi mwangu mfukoni. Nilihisi inavunjika.

"Ndiye, mama," alijibu yeye. "Safari imemchosha, na mafua yamemkaba koo. Hata sauti hana."

"Mwanangu! Mimi nilishakulilia. Kile kilio nilichokisikia siku ile huko kwenu, kisha kimya, na kukuona sikuoni. Nikasema huyu hatoki salama. Nimemwambia kaka yako kila kitu, na kesho asubuhi anakuja na askari wachukue maneno yangu. Kumbe namsingizia mume wa mtu! Nisamehe, fundi. Uzee huu!"

"Hakuna neno, mama."

"Haya, Mwalimu, hata salamu hunipi?"

Hapa ndipo palipokuwa pa kusema. Maneno yenyewe mafupi: mama, mimi si Mwalimu. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini mkono wake ulikuwa umetoka begani umepanda kisogoni, chini ya nywele, na kidole gumba kilikuwa kinanisugua shingo polepole. Na mtu mzima akikudai salamu, mdomo hujibu akili ikiwa bado inatafuta viatu.

"Shikamoo, mama," nilinong'ona.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Basi yameisha. Kesho wakija nitawaambia nimekuona kwa macho yangu." Akacheka. "Macho yenyewe ndiyo haya! Fundi, miwani yangu lini? Fremu yangu ile nyekundu. Umekaa nayo mpaka watu nawajua kwa rangi tu, kama mbuzi."

"Kioo kimepasuka, mama. Nimeagiza kingine, kinatoka mbali."

Tukaingia ndani. Alifunga mlango, akageuza ufunguo, akautia mfukoni. Mlango wa kufunga kwa ndani nilioutamani wiki zote zile, huo hapo.

"Umefanya vizuri," alisema.

"Mwalimu ni nani?"

"Ni mke wangu."

"Si ulisema alikutoroka?"

"Alinitoroka."

"Bila koti lake?"

Alikaa, akavua miwani, akatoa kitambaa kingine, akaanza kufuta kioo kimoja kwa duara dogo dogo. Alipozungumza ilikuwa kwa sauti ileile ya chini niliyoipenda.

"Sikiliza. Sasa hivi utaoga, utavaa gauni lililoko kitandani. Utakaa pale ukumbini, nitawasha taa, wapitao wakuone. Kesho mapema, yule mama akitoka kufagia, utatoka na sanduku. Utampungia mkono. Kazi yako imeisha."

"Halafu nitakwenda wapi?"

Akaivaa miwani. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile dukani, kuanzia utosini mpaka miguuni.

"Kaoge," alisema. "Nywele usiziloweshe."

Ili kufika bafuni unapita kwenye ujia wenye meza yake ya kazi. Vioo, visahani, bisibisi ndogo za kukazia fremu zimepangwa kwa ukubwa. Na hapo, ukingoni, fremu nyekundu. Nilitazama nyuma, hakuwa ananiona. Niliinyanyua. Vioo vyote viwili vilikuwa vizima, visafi, havina hata mchubuko.

Ndugu zangu, kuna wakati akili inakuja yote kwa pamoja. Yule mama ndiye pekee aliyesikia. Kwa hiyo kwanza alinyang'anywa macho. Kisha akatafutwa mwanamke mwenye kimo na mwendo kama wa Mwalimu, asiye na mtu wa kumuulizia. Rangi ya nywele ndiyo iliyokuwa imebaki. Na mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nimemwitikia shahidi kama Mwalimu. Kesho askari wataambiwa Mwalimu yu hai, alionekana, akaondoka na sanduku lake. Nani atamtafuta Mwalimu tena? Na mimi je, zaidi ya Kidomo nani atanitafuta, na nani atamwamini, wakati hata sijaonekana nikiingia?

Niliitia ile miwani kifuani, nikaingia bafuni, nikasukuma komeo.

Kwenye tundu la maji sakafuni kulikuwa na nywele zimenasa. Sikuhitaji kuzipeleka mlangoni penye mwanga. Zilikuwa rangi ya chai isiyo na maziwa.

Nilitaka kupiga kelele. Nikakumbuka kuwa Mwalimu naye alipiga, jirani akasikia, na hazikumsaidia. Kelele moja zaidi na huyu ataufikia mlango kabla mama hajaufikia ukuta. Na mama angesema nini? Angesema Mwalimu na mumewe wanagombana tena.

Basi nikajikaza kisabuni, na sisemi hivyo kwa utani. Juu ya beseni palikuwa na mche wa sabuni ya kufulia, mgumu, wa bluu. Bomba la maji ya moto lilikuwa linafanya kazi. Nikainamisha kichwa.

Maji yalinichoma nikauma mdomo. Nikasugua. Povu la kwanza lilitoka kahawia, la pili kahawia, linateremka kwenye beseni. Kidomo, Mungu akupe maisha marefu wewe na mdomo wako: rangi isiyo na msingi haina pa kushika. Nilisugua mpaka ngozi ikawaka moto. Katika maisha yangu yote ya kuosha vichwa vya watu sijawahi kuosha kichwa namna ile.

"Mbona maji yanamwagika sana?" Alikuwa nje ya mlango. Sikusikia hata hatua zake.

"Naoga."

"Umelowesha nywele?"

Niliinuka nikajitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani. Dhahabu haikurudi kama ilivyokuwa. Mistari ilirudi ya kijani na manjano, michafu, ya kuchukiza, kichwa ambacho mteja angenipeleka mahakamani. Sijawahi kuona nywele nzuri kama zile. Zilikuwa zangu.

"Nimekuuliza kitu," alisema.

Kisha nikasikia kitu kikikwaruza karibu na komeo, ambalo parafujo zake zilikuwa zimefungwa kwa nje. Kilikwaruza, kikatulia, kikakwaruza. Parafujo ya kwanza ilianguka upande wa pili wa mlango. Alikuwa anatumia moja ya zile bisibisi zake ndogo, bila haraka.

Niligeuza ndoo, nikapanda juu yake. Dirisha lilikuwa dogo, la vioo vya kupandisha, linatazama uwanja wa jirani. Mama alikuwa bado yupo, anakunja mashuka, jua limebaki kipande. Nilitoa miwani kifuani, nikapenyeza mkono, nikaitupa kwa nguvu zangu zote.

Ilimwangukia kwenye beseni la nguo. Aliruka. Akainama, akapapasa, akaishika, akaigeuza mkononi. Parafujo ya pili ikaanguka.

"Ivae," nilikuwa nanong'ona. "Mama, ivae. Ivae."

Aliifuta kwa ncha ya nguo yake, akaivaa, akainua uso. Kwanza alitazama ukuta. Kisha akatazama mti, kamba ya nguo, bati. Mwisho akafika dirishani, akaniona. Aliniona hasa, nywele za kijani zinachuruzika maji, na koti la bluu begani.

Mashuka yalimtoka mikononi.

"Wewe si Mwalimu," alisema, na sauti yake mtaa mzima uliisikia. "Wewe binti, hilo koti umelitoa wapi? Mwalimu yuko wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nyuma yangu mlango ulifunguka bila kelele, ndoo ikateleza chini ya miguu yangu, na mkono wenye vidole safi ukaingia katika nywele zangu mbichi, ukazikusanya zote upande mmoja, ukazishika kwenye mizizi.